STAAD, SAP2000, Robot au RFEM: ipi ya kukokotolea fremu ya chuma?

Chukua boriti moja ya IPE 300 (chuma cha umbo la I, kimo milimita 300), iweke juu ya maegemeo mawili yaliyoachana mita 6, kisha ibebeshe kilonyutoni 10 kwa kila mita. Kwa kalamu na kikokotoo, mnepo wa katikati, yaani kiasi inachoshuka, unatoka milimita 9.6. Iingize boriti hiyo hiyo kwenye STAAD.Pro, programu ya kukokotoa miundo, kwa chuma chake cha kawaida, utapata kama 9.85. Iingize SAP2000 ukiacha chuma cha Marekani cha A992, itakupa 10.1 kwa kupinda peke yake. Baadhi ya programu zitaongeza robo ya milimita juu ya hapo, kwa sababu zinahesabu na ule mnepo mdogo unaoletwa na nguvu za mkato.

Hakuna iliyokosea. Eurocode, viwango vya usanifu vya Ulaya, inataka ugumu wa chuma uwe 210 GPa, STAAD huja na 205, na A992 ina ksi 29,000 kwa kipimo cha Marekani, yaani karibu GPa 200. Wewe hukusema kitu, programu ikajisemea.

Kuna jingine. SAP2000 huhesabu uzito wa boriti yenyewe ndani ya mzigo wa kudumu uitwao DEAD bila kuambiwa, na Robot huutia kwenye mzigo wa kudumu wa kwanza unaoufungua. STAAD haiuhesabu mpaka uandike SELFWEIGHT Y -1. Kwa IPE 300 ya kilo 42.2 kwa mita, hiyo ni asilimia 4 ya mzigo wetu. Kwa paa jepesi la godauni, ambalo uzito wake wote wa kudumu ni mdogo, asilimia inakuwa kubwa zaidi ya hapo.

Nimeanza na boriti kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza wanunue programu gani huja na orodha ya sifa: hii inachora vizuri, hii inaunganishwa na Revit, programu ya kuchora majengo, hii ina viwango 30. Hesabu ya ndani ni ile ile kwa zote. Fremu inakatwa vipande, kila kipande kinapewa ugumu wake, vinaunganishwa kwenye nodi, yaani pale ncha zinapokutana, mlinganyo mkubwa unasuluhishwa. Kazi hiyo ilishakomaa zamani; Ray Clough wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, aliipa jina la "finite element" mwaka 1960. Mimi ninazilinganisha kwa swali lingine: ukinyamaza, programu inakujibia nini? Na kwenye chuma, mahali pabaya pa kunyamaza ni pawili: urefu ambao kipande kikibanwa kinaweza kuchepuka, yaani kupinda ghafla pembeni, na namna vipande vinavyoungana.

Godauni la mita 24

Mfano wangu ni kazi ambayo wengi wetu tunaifanya: godauni la fremu za potali, nguzo mbili na rafta mbili zinazokutana kileleni. Upana mita 24, nguzo mita 6, fremu kila baada ya mita 6, mteremko wa nyuzi 6. Juu ya rafta kuna papi za umbo la zedi kila mita 1.5, na juu ya papi mabati.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa ghala la namna hiyo, maeneo ya Kibaha. Rafta ina urefu wa mita 12 na kidogo. Nilitaka kuweka mzigo pale papi zinapokaa, basi nikaikata vipande 8, nikaweka nodi kwenye kila papi. Nikakokotoa, nikaangalia uwiano wa nguvu, ambao chini ya 1 maana yake kipande kimepita: 0.71. Kijani kitupu. Nikapeleka michoro kwa mhandisi mwandamizi, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Hakuangalia rangi. Aliweka kidole kwenye rafta akauliza: "Mwanangu, upepo ukiinua paa, flenji ya chini inashikwa na nini?"

Flenji ni lile bamba la juu au la chini la umbo la I, na ya chini haikushikwa na kitu. Mzigo wa mabati ukishuka, sehemu kubwa ya rafta hubanwa upande wa juu, na papi zipo pale kuizuia. Upepo ukiinua, hasa mlango mkubwa ukiwa wazi upande upepo unakotoka, kinachobanwa ni flenji ya chini, na papi ziko upande wa pili. Chuma chembamba kikibanwa huchepuka pembeni kabla hakijafika mwisho wa nguvu zake. Programu ilikuwa imechukua kila kipande cha mita 1.5 kama boriti inayojitegemea, iliyoshikwa kila ncha, juu na chini. Niliporudisha urefu wa kweli kati ya vishikizo, uwiano ule ule ukapita 1.2. Tukaongeza vishikizo vya mshazari kutoka kwenye papi hadi flenji ya chini, vipande vya angle vya bei ndogo, na rafta ikabaki ile ile.

Kosa lilikuwa langu. Mwongozo wa programu ulikuwa umeeleza wazi jinsi inavyohesabu. Lakini tangu siku hiyo, programu yoyote nikiletewa naanza hapo.

Na si makosa ya wanafunzi tu. Tarehe 18 Januari 1978, huko Hartford, Connecticut, paa la ukumbi wa michezo lililoundwa kwa mtandao mkubwa wa vyuma lilianguka usiku chini ya theluji, saa chache baada ya watu kama 5,000 kutoka kwenye mechi ya mpira wa kikapu. Lilikuwa limesanifiwa kwa kompyuta, jambo la fahari wakati huo. Wachunguzi walikuta kwamba vipande vya juu vilivyobanwa vilihesabiwa kana kwamba vimeshikwa katikati, ilhali kiungo kilichojengwa hakikuvishika hivyo, na vile vya ukingoni ndivyo vilivyokuwa na hali mbaya kuliko vyote. Wakati wa ujenzi paa lilipimwa na kuonekana linanepa karibu mara mbili ya hesabu. Kompyuta ikaaminiwa, kipimo kikapuuzwa.

Kila moja inavyouliza kuhusu urefu

| Programu | Ukinyamaza kuhusu urefu wa kuchepuka |
|---|---|
| STAAD.Pro | Inachukua urefu wa kipande ulichochora |
| SAP2000 | Inakisia yenyewe kwa kuangalia vipande vinavyoungana na boriti |
| Robot | Inafuata aina ya kipande uliyoichagua: boriti, nguzo, au cha kawaida |
| RFEM 6 | Inafuata urefu uliopewa kipande au kundi la vipande, unaoweza kuuona na kuubadilisha |

STAAD ndiyo niliyolelewa nayo, na ukizunguka ofisi za washauri kuanzia Dar hadi Nairobi na Ghuba, ndiko utakakoikuta kwa wingi. Ilitoka kampuni ya Research Engineers ya California, Bentley wakainunua mwaka 2005. Uzuri wake ambao watu wa siku hizi hawauthamini ni faili la maandishi. Fremu nzima ni mistari unayoweza kuisoma: JOINT COORDINATES, MEMBER INCIDENCES, MEMBER RELEASE. Mtu akikutumia kazi yake, unaifungua kwenye kihariri chochote cha maandishi, unaona amelegeza wapi momenti, yaani nguvu ya kupinda, na amekaza wapi. Ukiwa na maghala matano yanayofanana, unabadilisha namba na unakokotoa tena. Udhaifu wake ni huo wa jedwali: LY, LZ na UNL, yaani urefu wa kuchepuka kwa kila mhimili na urefu wa flenji isiyoshikwa, ni kazi yako kuziandika. Kwa viwango vya Marekani kuna UNT na UNB, juu na chini kila moja na urefu wake. Anayezijua atakuwa salama. Asiyezijua atapata kijani kama yangu ya Kibaha.

SAP2000 ina ukoo mkubwa. SAP ya kwanza iliandikwa na Edward Wilson huko Berkeley mwaka 1970, na Ashraf Habibullah akaanzisha kampuni ya CSI mwaka 1975. Ninachokipenda ni kwamba unachora rafta nzima kama kitu kimoja, na programu inaikata yenyewe kwa ndani. Ule ugonjwa wa vipande 8 unapungua sana. Lakini urefu wa kuchepuka inaukisia kwa kuona nini kimeungana na nini, na papi iliyokaa flenji ya juu haitakuambia kwamba ya chini haina mtu. Marekebisho unayaweka kwa uwiano, si kwa mita: 0.25 maana yake robo ya urefu wa kipande. Kwa aliyezoea mita inachanganya mwezi wa kwanza. Ina nguvu kubwa kwenye mitetemo, tetemeko, hatua za ujenzi, nyaya na madaraja. Kwa godauni tupu hizo zote utazilipia bila kuzigusa.

Robot Structural Analysis ilizaliwa RoboBAT, kampuni iliyokuwa na mizizi Grenoble na Poland, ikaingia Autodesk mwaka 2008. Kwenye swali langu ndiyo inayouliza vizuri kati ya zile za bei ya kati: dirisha la aina ya kipande lina sehemu ya flenji ya juu na sehemu ya flenji ya chini, kila moja na vishikizo vyake. Mtu akiliona dirisha hilo mara ya kwanza analazimika kujiuliza swali la yule mama. Tena viungo vya kawaida vya Eurocode, bamba la mwisho la boriti, bamba la chini ya nguzo, unavikokotoa humo humo. Ubaya? Inahitaji subira. Madirisha mengi, mipangilio imejificha kwenye menyu, na kuhamisha kazi kutoka Revit kunaleta nodi ambazo hazikutani kwa milimita mbili tatu. Ripoti zake nazo zimejaa maneno. Itabidi uzipunguze kabla ya kumpa mkaguzi.

RFEM ni ya Wajerumani. Georg Dlubal alianzisha kampuni mwaka 1987 huko Tiefenbach, Bavaria. Kwenye RFEM 6 unaweza kusema kishikizo kiko flenji ya juu tu, au ya chini tu, na programu ikatafuta yenyewe momenti ya kuchepuka kwa hesabu badala ya fomula ya kitabu. Kwa rafta inayonenepa kuelekea kwenye nguzo, na kwa chuma chembamba kinachosokotwa, sijaona iliyo wazi zaidi. Tatizo ni kwamba inauzwa vipande vipande: msingi peke yake, usanifu wa chuma peke yake, uthabiti peke yake, viungo peke yake. Unadhani umenunua gari, kumbe umenunua injini na matairi mawili. Omba orodha ya nyongeza unazohitaji kwa kazi yako kabla ya kulinganisha bei.

Swali moja ninaliuliza zote nne na zote zinalijibu, tofauti ni urahisi tu: kuzidisha mizigo mpaka fremu nzima ichepuke. Eurocode 3 inasema kwa uchambuzi wa kawaida wa elastiki, kama kizidisho hicho ni 10 au zaidi unaweza kupuuza athari za fremu kuegama. Kikiwa chini ya hapo, huwezi. Kwa godauni jembamba lenye nguzo za bawaba chini, mara nyingi utajikuta chini ya 10. Anayekuuzia programu aweze kukuonyesha namba hiyo ndani ya dakika tano. Kwa STAAD, SAP2000 na Robot ni aina ya uchambuzi unayoichagua. Kwa RFEM ni moja ya zile nyongeza.

Viwango na vyuma vya sokoni

BS 5950, kiwango cha chuma cha Uingereza, iliondolewa huko mwaka 2010, lakini wengi wetu tuliisomea na bado iko kwenye maktaba za ofisi. STAAD, SAP2000 na Robot zinayo. Msichanganye: upepo wa CP3, kanuni ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1972, na vizidisho vya Eurocode havikuzaliwa nyumba moja, na hakuna programu itakayokuzuia kuvioanisha.

Halafu kuna suala la chuma chenyewe. Mchoro unasema S355, daraja la chuma la Ulaya, mzigo unaoshushwa bandarini umeandikwa Q355 au Q235, madaraja ya Kichina, na maumbo ya H si yale ya Kiingereza ya UB uliyoyachagua kwenye menyu. Programu yenye maktaba pana ya maumbo, na inayokuruhusu kutengeneza umbo lako la mabamba matatu yaliyochomelewa, itakuokoa zaidi ya ile yenye picha nzuri. Hapa RFEM na SAP2000 ziko mbele kidogo. Na kila mara namba za nguvu zitoke kwenye cheti cha kiwandani, si kwenye jina.

Viungo

Usipoiambia vingine, programu ya fremu huamini moja ya mambo mawili: kiungo kimekazwa kabisa, au ni bawaba. Kiungo cha kweli kiko katikati. Bamba la milimita 12 kwenye kona ya fremu litajikunja, bolti zitavutika, na momenti uliyohesabu haitafika yote.

Kwa hili IDEA StatiCa, programu ya viungo iliyotoka Brno huko Cheki, imekuwa kama jamaa wa ukoo: haichukui nafasi ya hizo nne, inasimama pembeni yao. Mabamba inayakata vipande vidogo vya ganda, bolti inazifanya springi, na inaacha chuma kiteseke hadi mkunjo wa plastiki wa asilimia 5, kikomo kinachotajwa na Eurocode 3. Unaona kwa rangi ni bolti ipi inabeba na ni ipi inaangalia tu. Kiungo cha kona cha godauni letu, chenye safu tano za bolti, kinaingizwa kwa nusu saa. Kama kazi zako ni viungo vya kawaida vya jedwali, Robot au Excel ya ofisi inatosha. Ukianza kupata vipande vinne vinavyokutana nodi moja kwa pembe za ajabu, hapo ndipo pesa yake inaeleweka.

Zile kubwa, na zile za bure

Abaqus na ANSYS, programu kubwa za uchambuzi wa kila aina, huulizwa sana na vijana waliotoka chuo, kwa sababu ndizo walizofanyia utafiti. Ni mashine za kazi nyingine: boriti ya kreni inayochoka kwa mizunguko, silo la bamba jembamba, boriti yenye matundu. Zinakupa mkazo, hazikuambii kama kipande kimepita Eurocode. Na zina mtego wao. Kwenye kona kali ya ndani, kila ukikata vipande vidogo zaidi mkazo unapanda, unapanda, hauna mwisho. Namba hiyo haina maana yoyote, na nimeshaona ikichapishwa kwenye ripoti kwa wino mwekundu.

Kwa asiye na bajeti kuna CalculiX, iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig wa MTU, kampuni ya injini za ndege huko Munich, na inapatikana ndani ya FreeCAD, programu ya bure ya kuchora. Faili zake zinafanana na za Abaqus. Haina vipimo: ukichora kwa milimita na nguvu kwa nyutoni, uzito wa chuma uandike 7.85e-9, kwa tani kwa milimita ya ujazo. Ukiandika 7850 godauni lako litajivunja lenyewe. Code_Aster ya EDF, shirika la umeme la Ufaransa, ni kubwa kuliko hiyo; imeendelezwa tangu 1989 na ikafunguliwa kwa umma mwaka 2001. Nyaraka zake za asili ni za Kifaransa, ambacho kwangu ni ukuta, lakini kwa mhandisi wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa ni mlango. Zote mbili hazikagui vipande kwa viwango. Ninazitumia kuhakiki kiungo au bamba moja lililonitia shaka, si kusanifu jengo.

Leseni na kompyuta yako

Bei sitaziandika, zinabadilika na wauzaji wa kanda wanapunguza kwa maongezi. Angalieni mfumo wa leseni. Autodesk wanauza kwa kulipia kila mwaka, na Robot imo ndani ya kifurushi cha AEC pamoja na Revit na AutoCAD. Kama ofisi tayari inalipia kifurushi hicho, Robot mnayo na pengine hamjui. Bentley wanahesabu matumizi kupitia intaneti, kwa hiyo ukifungua STAAD kwenye kompyuta zaidi ya ulizolipia unaweza kuletewa ankara ya ziada. Wapangeni nani anafungua lini. SAP2000 inauzwa kwa ngazi, na ngazi ya chini hukata baadhi ya vitu, soma kilichokatwa. Autodesk na Dlubal wanatoa leseni za bure kwa wanafunzi.

Zile zilizokrakiwa mnazijua na mimi nazijua. Sitahubiri. Fikiria tu kusaini mchoro kwa muhuri wa usajili wako, halafu mkaguzi akaomba faili na namba ya leseni.

Ningenunua nini

Ofisi ya watu wawili watatu, maghala na majengo ya ghorofa mbili, Eurocode, michoro ya Revit: Robot. Ofisi inayopokea na kutuma mafaili ya washauri wengine kila wiki: STAAD, lakini mtu mmoja apewe kazi ya kukagua UNL kwenye kila faili kabla halijatoka. Madaraja, minara, mitambo inayotetema: SAP2000. Fremu zenye vipande vinavyonenepa na chuma chembamba kama kazi ya kila siku: RFEM, na jadili bei ya nyongeza zote kwa pamoja.

Kabla ya kulipa, tumia kipindi cha majaribio. Dlubal wanatoa siku 90; Autodesk nao wanacho, ila muda wake uuangalie kwao. Usijaribu kwa mfano wa muuzaji. Leta ghala ulilokwisha jenga. Siku ya kwanza weka IPE 300 ya mita 6 na uone mnepo. Siku ya pili jumlisha nguvu za maegemeo yote uone kama zinalingana na mizigo uliyoweka. Siku ya tatu weka upepo wa kuinua, kisha fungua jedwali la urefu wa kuchepuka na utafute flenji ya chini ya rafta. Hesabu umebofya mara ngapi mpaka umeiona.

Kwangu mimi, kwa Robot ilikuwa mara nne. Kwa STAAD niliandika mstari mmoja tu, ila ilinichukua miaka miwili kujua kwamba mstari huo upo.